Senti za Tundu Ukutani kwa Bibi

Jumapili iliyopita nilimkuta mume wangu jikoni anasugua sarafu kwa limao. Limao langu, nililolinunua kwa ajili ya samaki, na kibakuli cha uji wa mtoto. Ningegomba kwa hayo tu na ningekuwa na haki. Lakini harufu iliniwahi puani kabla sijafungua mdomo, harufu ya shaba iliyolowa limao, kali, kama damu ya fizi, na nikajikuta nimesimama tu mlangoni na mtoto begani.

Kuna kikundi amejiunga kwenye simu. Wanatumiana picha za sarafu za zamani na sauti za watu wasiowajua. Mmoja anasema ya Mjerumani inanunuliwa kwa mamilioni, mwingine anasema tajiri wa kuzinunua yuko njiani anakuja. Huyo tajiri yuko njiani tangu mfungo wa Ramadhani. Wanaume wazima wa mtaa wetu wa Chuno, wenye watoto wanaokula, wanazunguka kwenye magofu na sururu mchana kutwa. Nilivumilia. Ila aliponyanyua uso akaniuliza, kwa ule upole wa mtu anayetaka kitu, kama kuta za nyumba ya bibi yangu kule Mikindani tulishawahi kuzichunguza, nilimwambia mle hamna kitu zaidi ya mchwa na popo, na siku atakayopeleka sururu yake pale asirudi kwangu. Nimemdanganya. Sijuti. Zipo sita, na najua zilipo hata nikifumbwa macho, kwa sababu nilizipachika mimi kwa vidole vyangu.

Nyie wa rika langu mnakumbuka. Kutafuta sarafu ilikuwa kazi ya watoto, na haikuhitaji sururu, ilihitaji mvua. Mikindani ya utoto wetu ilijaa nyumba za mawe ambazo wenyewe walishaondoka, dari zimeanguka, mbuzi wamehamia sebuleni. Mvua kubwa ikikatika tu, mimi na Zuhura, binti wa jirani, tulitoka mbio kuwahi michirizi, ule mstari ambao maji ya paa hudondokea na kuchimba mchanga. Tulipiga magoti vichwa vikigusana, mchanga baridi umetuingia mpaka kwenye makunjo ya magoti, kuta zinanukia chokaa mbichi na mkojo wa mbuzi. Ardhi iliyofuliwa ilitema vitu vyake: shanga, vifungo, vipande vya sahani zenye maua ya buluu, na senti. Senti zenyewe zilikuwa hoi. Zimeliwa na chumvi, zimegeuka kijani, nyingine ukiibonyeza inakatika kama biskuti. Zote tuliziita pesa za Mjerumani, hata zile ambazo nilipofika sekondari nilijua ni za Mwingereza. Tulizopenda ni zenye tundu katikati. Tulizitunga kwenye uzi tukavaa shingoni, na jioni shingo zilikuwa kijani, na Zuhura akisema nimeota ukoga, nikimwambia yeye ukoga wake ni wa kuzaliwa nao.

Sijui kama kuna mtu mzima anayeweza kufurahi vile kwa kitu kisichonunua chochote.

Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea miaka hiyo. Mama alikuwa Masasi akiuza mitumba, namwona Idd na Idd. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kila asubuhi alinituhumu kumwibia mume, ingawa huyo mume wa kugombania alikufa kabla sijazaliwa. Nyumba yake ilikuwa ya mawe na udongo, kuta nene, imepigwa chokaa juu ya chokaa mpaka pembe zake zikawa za mviringo. Chumbani kwake, upande wa kichwa cha kitanda, usawa wa mto wa kulalia, kulikuwa na duara saba zilizopangwa kwa mstari. Ukizitazama vizuri uliona ni senti za tundu, zimekandikwa ukutani, chokaa imezifunika nusu.

Kila alfajiri, akimaliza kuswali na kabla hajakunja mswala, Bibi alinyoosha mkono akazigusa moja baada ya nyingine, midomo inacheza. Mimi nilikuwa nimelala pembeni yake, jicho moja wazi. Nilijua anachofanya. Anahesabu hela zake.

Na nilijua kitu kingine: Bibi ni bahili. Maana mwanamke mwenye hela ukutani, tena za zamani, alikuwa akiosha mchele wa vitumbua kwenye beseni lililopasuka. Beseni hilo lilikuwa na kovu refu jekundu, ndala iliyoyeyushwa motoni na kuzibiwa ufa, na bado lilivuja. Bibi aliliinamisha upande mmoja, akalishika kwa goti, akaosha hivyo hivyo mgongo umepinda. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja. Nikajiambia mtu akimsaidia kutumia atashukuru.

Msimu wa korosho ukiisha alikuwa akija mtu na baiskeli kutoka Mtwara mjini, amefunga mabeseni na vibakuli vya plastiki nyuma mpaka humwoni. Watoto tulimwita Kaka Mabeseni. Hakuuza kwa fedha. Alibadilisha kwa vyuma chakavu, sufuria zilizotoboka, na mwaka ule akaanza kutaka sarafu za zamani, kuna mtu anamkusanyia. Mimi na Zuhura tulimpelekea mikufu yetu yote. Aliitazama, akaivunja senti moja kwa kucha, akacheka.

"Hizi zimekufa, mdogo wangu. Niletee zilizo hai. Zilizolala pakavu, zenye maandishi. Saba, nane hivi, unachukua hili."

Hili lilikuwa beseni la buluu, kubwa, lenye mdomo mpana. Nililigonga likatoa sauti ya ngoma.

Bibi alikuwa ameenda msibani Ziwani, ameniacha kwa mama yake Zuhura kwa siku mbili. Nilirudi nyumbani peke yangu mchana, nikapanda kitandani na kijiko. Nilitumia mkia wake. Chokaa ilibanduka kama ganda la yai, na kila senti ilitoka safi, ya rangi ya chai, maandishi yanasomeka, na kila moja ilikuwa na uzi mfupi mweusi umefungwa fundo kwenye tundu. Nilidhani ule uzi ni wa kuhesabia. Kaka Mabeseni alizipokea zote saba, akaziangalia mbele na nyuma, akafungua beseni la buluu. Nikalibeba kichwani kupitia njia kuu, ili nionekane.

Bibi alirudi kesho yake alasiri. Alilikuta beseni limekaa kizingitini. Alilizungusha, akaligonga kama nilivyoligonga mimi, na uso wake uliokuwa umechoka kwa msiba ukafunguka. Akauliza mke mwenzake ameposwa na nani mwenye uwezo hivi. Nami kwa kiburi chote cha mtoto aliyefanya jema nikamwambia nimelichukua kwa zile hela zake za ukutani, sasa ataosha mchele amenyooka.

Aliingia ndani. Nilisubiri fimbo, na fimbo ningeiweza. Alipotoka hakuwa na mtandio kichwani. Sikuwahi kumwona Bibi nje bila mtandio. Nywele zake zilikuwa chache na nyeupe kabisa, na nikaona aibu kuzitazama. Aliniita jina langu, lile la madrasa, na jina la baba yangu juu yake.

"Yuko wapi huyo mtu?"

Nikasema anakaa Chikongola, kule Mtwara mjini, nyuma ya soko, ndivyo alivyosema.

Bibi alisimamisha pikipiki. Naomba mnielewe, huyu ni mtu aliyesema pikipiki ni kaburi lenye taa. Alipanda upande upande, mimi katikati, beseni la buluu nimelikumbatia kifuani, upepo unaliingia linavuma mpaka dereva akaomba tuligeuze. Njia nzima Bibi alisema peke yake kwa Kimakonde, lugha aliyoitumia akiwa na hasira sana au akiomba dua ya haraka, na sikujua siku ile ni ipi kati ya hizo.

Tulimkuta Kaka Mabeseni barazani kwa chumba chake, amekalia ndoo, kiroba cha sarafu pembeni, na mbele yake bakuli la maji ya limao. Alikuwa anaziosha. Zilizokwisha kuoshwa zilitandazwa juu ya gunia, arobaini, hamsini, zinang'aa jua lote. Hapo ndipo harufu ile ilipoingia kichwani mwangu ikakaa.

Bibi alimsalimia vizuri, kama inavyotakiwa, akapokea shikamoo yake. Kisha akaweka beseni chini na kumweleza, na mimi niliyekuwa nimeishi mle ndani miaka yote nikasikia kwa mara ya kwanza, tena yakisemwa kwa mgeni. Kwao Bibi, karibu na mlango wa mto Ruvuma, mtoto akizaliwa na kitovu kikifungwa, uzi unaobaki hautupwi, hata mtoto asipoishi. Unapitishwa kwenye senti ya tundu, unapigwa fundo, na senti inakandikwa ukutani upande wa kichwa cha mama. Sijui kama ni mila ya wote wa huko au ya mama yake Bibi peke yake. Bibi aliolewa Mikindani akaja nayo. Alizaa saba. Watatu wako hai: mama yangu, mjomba na mama mdogo. Wanne walikufa wadogo, wakazikwa nyuma ya nyumba, na barabara ilipopanuliwa ilipita hapo hapo. Hawana kaburi. Bibi hajui kusoma, hana picha. Alichokuwa nacho ni ukuta.

Hapo nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Watu wazima wa kwetu hawaelezi. Mtoto analala pembeni ya jambo miaka minne, hakuna anayemwambia hili ni nini, halafu akiligusa inakuwa balaa. Kama ningejua wala nisingelipumulia.

Kaka Mabeseni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa biashara aliyechoka. Alisema samahani kwa moyo kabisa, akajaribu kulimaliza kwa haraka.

"Bibi, hizi zote zimetoka kiwanda kimoja. Chukua saba. Chukua hata nane. Na beseni nenda nalo."

Bibi alimtazama.

"Una watoto, mwanangu?"

"Wawili."

"Wakikupotea sokoni, nikikuokotea wawili wowote, utaenda nao nyumbani?"

Yule bwana akatandika mkeka, akamimina kiroba chote juu yake, na tukapiga magoti watatu. Zilikuwa nyingi mno. Lakini za ukutani zilikuwa na chembe za chokaa kwenye maandishi na ule uzi mweusi tunduni, na vidole vyangu vilizoea kazi hii kuliko vya mtu yeyote pale. Ya kwanza niliiona mimi. Ya pili yeye. Bibi alizipokea kiganjani, akizifunga kwenye pindo la khanga. Tatu, nne. Jirani mmoja alipita akatuuliza tunachambua nini, Kaka Mabeseni akamwambia aendelee na safari yake. Tano. Ya sita ilikuwa imenasa kwenye mshono wa kiroba.

Ya saba haikuwemo.

Tulirudia mkeka wote mara mbili. Kisha tukaona, wote watatu kwa pamoja nadhani, vipande vya uzi mweusi vinaelea kwenye bakuli la limao. Alikuwa ameshaianza kazi. Ya saba ilikuwa pale juu ya gunia, imeoshwa, inang'aa, haina chokaa wala fundo, katikati ya wenzake hamsini ambao huwezi kuwatofautisha. Bibi alikaa mbele ya gunia. Aliziangalia moja moja, akiokota na kurudisha, akiokota na kurudisha, mpaka adhana ya magharibi. Sikuwahi kuona mtu akitazama kitu hivyo, labda mimi mwenyewe siku nilipoonyeshwa mwanangu wodini. Mwisho akasimama, akakung'uta magoti, akamwachia beseni lake. Yule bwana alimbembeleza alichukue. Bibi akasema alikuja kuchukua, hakuja kupewa.

Asubuhi alinikabidhi chokaa kwenye kifuu. Aliyezitoa azirudishe, basi. Nilipanda kitandani, na ukuta ulikuwa na mashimo saba kama ya bao, na yeye amekaa ukingoni anazifungua kutoka kwenye khanga. Nikamuuliza ipi iende wapi. Akaniambia hajui. Zilikuwa zimepangwa kwa kuzaliwa, na sasa mpango umekufa, hawezi kusema hii ni ya nani wala ni nani aliyebaki Chikongola. Kwa hiyo itabidi agawe upya.

Aligawa kama mtu anayepakua chakula kisichotosha. Alianza na waliokufa. Huyu hakupata jina, aliishi siku tatu. Nikapaka chokaa, nikabonyeza. Huyu Hamisi, alichukuliwa na surua. Huyu hakulia kabisa. Huyu Mwanahawa, alikuwa anatembea tayari, alikuwa anapenda kukalia ndoo. Alisema walio hai wana miguu, watajitafutia, hawa hawana pengine. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Mimi niliendelea kupaka, chokaa inanichirizika mpaka kwenye kiwiko.

Zikabaki mbili, na watu watatu. Bibi akanipa moja, akasema ni ya mjomba. Akanipa nyingine, ya mama mdogo. Nikapachika. Shimo moja likabaki wazi, nami nikabaki nalitazama, kwa sababu hesabu hiyo hata mtoto anaiweza.

"Na mama?"

"Mama yako alama yake ni wewe," Bibi alisema, akishuka kitandani. "Nyingine hana. Ukipotea wewe, ndiyo basi."

Leo najua alimaanisha nini. Najua kuwa mtu asiye na cha kunipa alinipa kikubwa kuliko vyote, kwa sauti ile ile ya kuniambia nikaoshe mikono. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane na nilikielewa kama hukumu. Nilielewa kwamba mama yangu, huko Masasi, ananing'inia kwenye shimo lile, na kwamba kinachomzuia asidondoke ni mimi.

Niliacha michirizi. Mvua zilikuja, kubwa, za kuchimba mchanga mpaka kwenye mizizi, na Zuhura aliniita dirishani mpaka akachoka. Nilikuwa nimekaa kitandani kwa Bibi, mgongo umeliegemea shimo, nimelifunika. Shuleni nilienda kwa sababu nilipelekwa, na nikirudi nilikimbia. Pwani sikwenda. Barabara sikuvuka peke yangu. Zuhura alitangaza mtaa mzima kwamba mwenzetu analinda ukuta usitoroke, na watoto wakawa wakipita wanausalimia ukuta. Bibi aliona. Hakunikataza wala hakunieleza, ila alianza kuniletea chakula kule kule chumbani, na mara nyingine alikuja kukaa pembeni yangu akichambua mchele kwenye ungo, beseni la kovu jekundu miguuni, tunasikiliza mvua na kelele za watoto kwenye magofu. Miezi miwili na zaidi. Katika utoto wangu wote hiyo ndiyo miezi ninayoikumbuka vizuri kuliko yote. Ubaridi wa ukuta ule kati ya mabega ninaujua mpaka leo.

Mama alikuja siku mbili kabla ya Idd. Nilisikia sauti yake uani, na bado sikutoka. Nilimsubiri aingie hadi ndani, nikamshika mkono, nikamshika na wa pili, nikamgusa uso, akacheka akauliza kulikoni, mbona napapasa kama kipofu. Ndipo nikainuka ukutani.

Jioni alikuwa anafua nguo zangu za wiki nzima, na akamwita Bibi aone. Kila gauni, hata lile jipya alilonitumia kwa basi, lilikuwa na duara jeupe mgongoni, chokaa imeingia kwenye nyuzi haitoki kwa sabuni wala kwa jiwe. Akauliza mtoto huyu amekuwa akilala wapi.

Bibi alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. Hakugeuka.

"Alikuwa anakushikia nafasi."